Msomi na Spana: Oili Inayovuja Haizibwi kwa Maneno

Ipo kasumba moja ambayo imedumu mno miongoni mwetu watumishi wa ofisi na walimu, nayo ni ile ya kudhani kwamba mtu aliyesoma hapaswi kushika spana. Mwenye kasumba hii hununua gari kwa mkopo atakaoulipa miaka mingi, akaliosha kila Jumamosi mpaka likang'aa, lakini boneti halifungui ila kwa kumwita mtu mwingine. Akiona doa la oili chini ya gari asubuhi, hulisogeza gari hatua mbili mbele ili asilione doa. Akiulizwa, hujibu: "Linavuja kidogo tu." Mtu wa namna hii amekwisha kukubali kutawaliwa na chombo alichokinunua kwa jasho lake mwenyewe.

Makala haya yanahusu doa hilo, na hasa oili inayoonekana penye manifoldi ya kuingizia hewa, yaani ile sehemu inayoigawa hewa kwenda katika kila silinda. Tumeichagua kwa sababu ni kazi inayowezekana nyumbani, na kwa sababu wababaishaji wa vichochoroni wameigeuza kuwa shamba lao la kuvuna mishahara ya watu.

Hebu tujiulize kwanza: "kidogo tu" maana yake nini? Oili inayodondokea bomba la ekzosi lenye moto hutoa moshi, na yaweza kuwaka. Ikilowesha mipira inayoibeba injini, mipira hiyo hulainika na kufumuka. Ikipenya hadi kwenye klachi, klachi huteleza. Na mwenye gari asiyekipima kijiti cha oili kila wiki atakuja kugundua upungufu siku injini inapogonga, naye yuko katikati ya safari, usiku, pamoja na watoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Injini nayo haina haya ya kumuumbua mtu barabarani.

Sasa tuingie katika kiini cha ubabaishaji. Magari mengi madogo yanayotumiwa na walimu wetu, yale yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yana injini ya silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja. Katika injini ya namna hii manifoldi imefungwa ubavuni mwa silinda hedi. Ndani yake hupita hewa, na katika nyingine petroli pia. Haina njia ya oili inayosukumwa na pampu. Kwa hiyo ukiona oili imelowesha kiungo cha manifoldi kwa nje, tazama juu kabla hujamwita mtu: mara nyingi imeteremka kutoka tapeti kava, ambayo gasketi yake imekauka kwa joto la miaka. Na ukiikuta oili ndani ya manifoldi, aghalabu imeletwa na bomba la kupumulia injini, au ni dalili kwamba ringi za pistoni zimechoka. Gasketi ya manifoldi yenyewe ikipasuka, injini huvuta hewa isiyotakiwa, ikanguruma ovyo wakati gari limesimama, na pengine ikapiga mluzi. Mtu anayekutoza fedha kwa kubadilisha gasketi ya manifoldi ili kuzuia oili katika gari la namna hii, bila kwanza kuitazama tapeti kava, ama hajui kazi yake ama anakujua wewe vizuri mno.

Zipo injini nyingine ambazo hali yake ni tofauti kabisa. Chukua injini ya V8 ya Rover, ambayo kampuni hiyo ilipata haki ya kuitengeneza kutoka General Motors ya Marekani mwaka 1965, ikawekwa katika Range Rover ya kwanza mwaka 1970, na baadaye katika Land Rover kadhaa. Hapa silinda zimegawanyika pande mbili, na katikati kuna bonde ambamo kemshafti na tapeti zake hufanya kazi zikiwa zimelowa oili. Manifoldi imekaa juu ya bonde hilo, na kati yake na injini kuna gasketi moja pana ya bati iliyo kama kifuniko. Mbele na nyuma, bati hilo limelalia vipande vya mpira. Mpira wa nyuma ukichoka, oili huchuruzika nyuma ya injini, ikapita juu ya nyumba ya klachi, ikadondoka chini mahali palepale ambapo ingedondoka kama sili ya nyuma ya krenkishafti ingekuwa imekufa.

Hapo ndipo mbabaishaji anaposhangilia. Hutazama chini, hutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, hutangaza kwamba sili imekwisha. Gia boksi hushushwa, siku nne hupita, mshahara wa mwezi huteketea. Gari hurudi nyumbani, na asubuhi doa liko palepale. Sili iliyotolewa ilikuwa nzima! Kosa halikuwa mkononi, maana gia boksi ilishushwa na kupandishwa barabara. Kosa lilikuwa katika kutofikiri, na kufikiri ndiyo kazi ambayo sisi tuliosoma tunadai kuwa ni yetu.

Hapana budi basi tuseme wazi namna ya kufikiri kunakotakiwa. Oili huteremka, haipandi, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma kwenda nyuma. Mahali inapodondoka si ushahidi wa mahali inapotoka. Safisha injini ikiwa baridi, ikaushe, kisha nyunyizia poda kavu kwenye viungo unavyovishuku. Mwalimu hahitaji kununua chochote: vumbi la chaki ya darasani kwake latosha. Washa injini ipate moto, kisha izime, uchukue tochi utafute mahali pa juu kabisa palipoanza kulowa. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kabla ya kufungua chochote, kagua bomba la kupumulia injini. Likiziba, pumzi huongezeka ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila gasketi iliyo dhaifu, na gasketi mpya utakayoiweka itashindwa kama ile ya zamani.

Ukithibitisha kwamba manifoldi ya injini ya V ndiyo inayovuja, kazi yenyewe ni ya siku moja au mbili kwa mtu mwenye subira. Ngoja injini ipoe kabisa, kwa maana maji ya rejeta yaliyo moto huunguza. Tenganisha waya hasi wa betri, na pasiwe na sigara wala moto karibu, kwani mabomba ya petroli yatafunguliwa. Toa maji, maana katika injini tuliyoitaja maji nayo hupita ndani ya manifoldi. Kila bomba na kila waya upewe alama; simu uliyo nayo mfukoni yaweza kupiga picha, na hiyo ni faida kubwa kuliko porojo tunazoitumia kusambaza. Legeza bolti kidogo kidogo, ukianzia za kando kwenda za katikati. Manifoldi ikigoma kuinuka usiichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu aluminiamu ni laini na kovu moja laweza kuwa njia mpya ya uvujaji.

Ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi. Kwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha mti au plastiki, na usiruhusu uchafu uanguke bondeni. Weka gasketi mpya na mipira mipya, na katika zile pembe nne ambapo mpira hukutana na hedi weka silikoni kiasi cha punje ya harage. Hapo tu! Wale wanaoipaka silikoni kila mahali kama siagi kwenye mkate wanaficha uvivu, na mabaki yanayomeguka ndani huweza kwenda kuziba njia ya oili. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako. Anayekaza kwa hasira huharibu nyuzi za tundu la aluminiamu, na hapo gharama huanza upya. Kama tone la maji liliingia bondeni, badilisha oili na filta kabla ya kuwasha. Oili chafu ikusanywe katika dumu, isimwagwe mtaroni, kwani jirani yako anakunywa maji ya ardhi hiyohiyo.

Wako watakaotupinga. Watasema: "Kila mtu akijitengenezea, fundi atakula nini?" Hoja hii inasikika kama huruma, lakini ni dharau kwa fundi. Fundi wa kweli, aliyejifunza chuo cha ufundi au chini ya mwembe kwa miaka kumi, hana haja ya ujinga wetu ili aishi. Kazi za kuchonga hedi iliyopinda, kurudishia nyuzi zilizokufa na kufungua gia boksi zitabaki kwake, na asiye na vifaa wala nafasi ampelekee hata kazi hii ya manifoldi. Lakini ampelekee akijua anachokitaka. Mteja anayejua oili inatoka wapi humlipa fundi hodari bila kunung'unika, na humfukuza mbabaishaji kabla hajashusha gia boksi. Ujinga wetu ndio unaomfanya fundi hodari afe njaa kando ya tapeli.

Wengine watasema hawana muda. Hawa ni walewale wanaopoteza siku nne wakingoja gari gereji, wakiomba ruhusa kazini, huku wanafunzi wamekaa bila mwalimu na mafaili yamelala mezani.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, ulikemea elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni, na kwamba msomi ni mtu wa kujitenga na kazi za wenzake. Tangu wakati huo walimu wengi wamewasomesha watoto waraka huo na kuwatungia mtihani juu yake. Swali ni je, mtoto huyo anamwona mwalimu wake akifanya nini Jumamosi? Akimwona ameinama juu ya injini, mikono imechafuka, kitabu kimefunguliwa juu ya kigoda, akipima na kurekebisha, amejifunza fizikia na heshima ya kazi kwa siku moja. Akimwona amekaa barazani akingoja mtu wa kumfungulia boneti, amejifunza pia, na somo hilo hukaa kichwani kuliko la ubaoni.

Ndugu watumishi na walimu, kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini tazameni chini ya magari yenu. Kama doa lipo, msilikimbie. Chukueni chaki, chukueni tochi, fungueni boneti.