Nywele za Kuongezea: Jihadhari na Mvuto

Akina mama, nywele za kuongezea hutiwa kwa njia tatu zilizo maarufu. Ya kwanza ni rasta: nywele bandia husukwa pamoja na nywele zako. Ya pili ni kushonea: msusi husuka mistari iliyolala kichwani, kisha hushona utepe wa nywele juu yake kwa sindano na uzi. Ya tatu ni kubandika kwa gundi, ambayo yaweza kuwasha ngozi na kung'oa nywele wakati wa kubandua.

Adui mkubwa ni mvuto. Kichwa kikiuma, au vipele vikitokea penye mistari, msusi amekaza mno. Mwambie alegeze, wala usione haya. Nywele za kando ya paji la uso zikianza kunyonyoka, fumua mara moja. Zikiwahiwa huota tena. Zikipuuzwa kwa muda mrefu, mizizi hufa, na upara haurekebishiki.

Fumua kabla ya wiki 8 kupita, osha kichwa, kisha ukipumzishe kwa wiki kadhaa. Nao watoto wadogo wasukwe nywele zao wenyewe tu, tena kwa kulegeza.