Kabla Hujaituma Picha Ile



Hivi karibuni dada mmoja aliyehamia usharikani kwetu aliniuliza kwa nini kundi letu la akina mama kwenye simu haliruhusu kutangaza kifo mpaka wafiwa wenyewe wawe wameambiwa. Aliona ni ukali usio na maana. Nikamweleza kwamba sababu ni mimi. Muda mrefu nimelificha jambo hili, lakini leo nakusimulia na wewe.

Nilikuwa msichana wa sekondari meli ya MV Bukoba ilipozama, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza kutoka Bukoba. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na baadhi yao wamezikwa pale Igoma. Simu za mkononi zilikuwa bado changa nchini, tena za matajiri. Sisi tulitegemea redio na miguu yetu. Jirani yetu alikuwa akimsubiri mumewe, na siku mbili nzima alishinda bandarini. Mwili ulipotambuliwa, wazee hawakumkimbilia. Walipitia kwanza nyumbani kwetu, wakamchukua mama yangu na mwanamke mwingine mwenye nguvu. Wakaingia kwa yule jirani, watoto wakatolewa nje, sufuria ya maji ya moto ikaepuliwa, naye akaketishwa mkekani, mama akakaa nyuma yake. Ndipo mzee mmoja akasema. Alipoanguka, aliangukia mikononi mwa watu. Hakulala peke yake usiku ule, wala usiku mwingine wowote hadi arobaini.

Chuo cha uuguzi kilinifundisha karibu hayo hayo. Mtafutie ndugu wa mgonjwa kiti, hakikisha ana mtu wake karibu, sema kwa maneno ya wazi, kisha usikimbie. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi wodini, nikajiona ninaijua.

Ikafika Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mchana kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, kikitokea Bugolora ambako watu walikuwa wamekwenda gulioni. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walipita 220. Jioni ile simu yangu haikutulia. Kila aliyekuwa na namba yangu alinitumia kitu, na mmoja alinitumia picha ya miili iliyolazwa ufukweni, imefunikwa nusu nusu. Sikuitazama mara mbili. Niliituma kwenye kundi letu, nikaandika chini yake kwamba tuwaombee ndugu zetu. Niliona natoa huduma.

Katika kundi hilo yumo fundi cherehani, mzaliwa wa Ukara. Saa ile alikuwa ndani ya daladala akirudi kutoka mjini. Mwili wa pembeni katika picha haukuonyesha uso, ulionyesha pindo la gauni tu. Gauni lile alilishona yeye kwa mkono wake, zawadi ya Krismasi ya mdogo wake. Alipiga kelele mpaka dereva akasimamisha gari. Abiria hawakumjua wala hawakujua kilichompata. Konda akamshusha, akamwekea kikapu chake kando ya barabara, gari likaondoka. Akakaa pale chini mpaka giza likaingia, na simu mkononi ikiendelea kulia, kwa sababu sisi wenzake tulikuwa bado tunaandika "Amina" chini ya picha.

Nilikwenda kwake usiku ule ule. Hakunifokea. Alisema tu, "Sista, kwangu unapajua. Si ungekuja?"

Wako walionifariji kwamba hata nisingeituma angeipata kwa mwingine. Huenda ni kweli. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na watu wengi wanaiogopa wakidhani inahusu uongo peke yake. Picha yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli kabisa, nayo ilimkuta mtu kwenye kiti cha daladala, katikati ya watu asiowajua. Na hata ukweli wenyewe tunauwahi mno. Jumamosi ya juma lile, siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kile kilichopinduka. Je, kama wewe ungekuwa umekwisha kuandika jina lake miongoni mwa marehemu?

Ninaposoma habari za Ayubu siku hizi, naiona simu yangu katika wale wajumbe wanne, ambao mmoja hajamaliza kusema mwenzake anaingia. Baadaye wakaja rafiki zake, wakaketi naye chini siku saba bila neno. (Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, lakini hayo tuyaache.)

Sisemi simu ni mbaya. Huku kanda ya ziwa tumeona wajawazito waliofikishwa hospitali kwa sababu mtu alipiga 115, namba ya m-mama, na Sengerema ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuujaribu mpango huo. Hata katika msiba ule wa Ukara, michango yetu ilitumwa kwa simu kabla ya asubuhi.

Ila taarifa ya kifo sasa tunaipeleka kwa miguu, watu wawili, hata kama ni Buhongwa saa nne usiku. Tunampigia ndugu au jirani wa mfiwa kuuliza kama yupo nyumbani na yuko na nani, basi. Mwenzangu katika safari hizo ni yule fundi. Nikimwambia tuna mahali pa kwenda, haulizi mengi. Anafunika cherehani, anachukua kanga mbili, ananiuliza tukutane kituo gani.