Wankoko Aimbwe Mpakani

Watu wengi wa Uganda, na majirani zao wa Kenya waliobahatika kulisikia jina la Byron Kawadwa, humjua kwa mauti yake kabla ya kuijua kazi yake: ya kwamba alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Ukumbi wa Taifa mjini Kampala, ya kwamba mwanzoni mwa mwaka 1977 tamthilia yake iliiwakilisha Uganda mjini Lagos katika lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililoitwa FESTAC, na ya kwamba muda mfupi baada ya kurejea alitiwa mbaroni na watu wa usalama wa Idi Amin, asirudi tena kwao akiwa hai. Kumbukumbu hiyo ni haki yake, wala sina nia ya kuipunguza. Walakini shahidi hutosheka kutajwa, ilhali mtunzi wa tamthilia za nyimbo asipoimbwa huwa hana alichotuachia isipokuwa jina. Nami nashikilia kwamba pahala panapostahiki kumwimba upya ni hapa mpakani, Busia na Tororo, na kwamba lugha ya kumwimbia hapa ni Kiswahili.

Kawadwa alizaliwa mwaka 1940. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa Desemba 1959, bendera ya Mwingereza ingali ikipepea, na katika miaka yake ya mwanzo jukwaa hilo lilikuwa aghalabu la wageni, waliocheza michezo ya kwao mbele ya wenzao. Yeye na kundi lake la Kampala City Players waliingia humo na Kiganda, na pamoja na Kiganda wakaingia watu ambao hapo awali hawakuwa na sababu yoyote ya kukata tikiti. Aliandika juu ya Karoli Lwanga, shahidi aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886. Mwaka 1970 akatoa Makula ga Kulabako. Mwaka 1971 akatoa Oluyimba lwa Wankoko, ambayo ndiyo iliyosafiri hadi Lagos. Mahadhi yalitungwa na Wassanyi Serukenya, na jina hili halina budi kutajwa kila linapotajwa lile la kwanza, maana katika fani hii mwandishi asiye na mtunga sauti ni sawa na msemaji aliyepewa mimbari katika uwanja mtupu. Mwaka 1973 Kawadwa alikabidhiwa uongozi wa sanaa wa ukumbi wenyewe.

Kazi ya watu hawa wawili ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa na wale wanaoiona tamthilia ya nyimbo kuwa ni mchezo wa kawaida uliotiwa ngoma ili watazamaji wasisinzie. Kiganda ni lugha ya toni. Neno hupandishwa na kushushwa kwa sauti, na ukilipandisha pasipopandishwa huenda likawa neno jingine, au likawa si neno kabisa. Kwa hiyo mtunga sauti hana hiari ya kulichukua neno akalipeleka popote moyo wake upendapo, bali hulifuata kama lisemwavyo sokoni, na uhodari wake hupimwa kwa jinsi anavyolifuata bila ya kuonekana kuwa ni mfungwa wake. Juu ya hayo, waimbaji wa zama hizo walikuwa wamelelewa katika kwaya za shule za misheni, wakazoea sauti nne zikiambatana. Na kila sauti inapoongezwa, toni za maneno huwa hatarini. Wakati huohuo ngoma ya engalabi, ile ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, haingojei kwaya imalize kupumua, wala nyonga za wachezaji wa baakisimba haziwezi kusubiri waziri wa jumba la mfalme amalize hotuba yake. Kuviunganisha vyote hivyo, hata mtu akacheka, akaogopa, kisha akatoka nje akiimba kiitikio bila ya kukusudia, ni elimu kamili.

Wankoko ni kisa cha jumba la kifalme na uroho wa madaraka. Aliyekitazama mwaka 1971 hakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Mei 1966 jeshi la Milton Obote lilikuwa limelivamia jumba la Kabaka wa Buganda, Mutesa, huko Mengo, naye akakimbilia Uingereza na kufia London mwaka 1969, na mwaka wa 1967 falme zote zilikuwa zimefutwa. Kwa muda Amin aliweza kukaa kitako na kudhani kwamba anayesimangwa ni Obote, ambaye yeye alikuwa amempindua. Lakini ni nani aliyeongoza uvamizi wa Mengo kama si Amin mwenyewe? Tamthilia nzuri ina tabia hiyo ya ufidhuli, kwamba maneno yake hayabadiliki na hata hivyo mlengwa hubadilika kila zama. Na sidhani kwamba ilichukua muda mrefu kabla ya watu kuanza kumtazama Wankoko, mhusika mwenyewe, jukwaani huku wakimfikiria mtu mwingine, aliye karibu zaidi na mwenye bunduki nyingi zaidi.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka mbaya pande zote za mpaka. Februari aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Kawadwa akafuata, katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na huku Kenya, kibali cha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu uliojaa nyimbo ambao Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuandalia wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kilifutwa mwezi Novemba, na mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa kwenda kizuizini. Miaka mitano baadaye mchezo wake mwingine, Maitũ Njugĩra, ambao ni wa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, ulinyimwa Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, na ule uwanja wa maonyesho wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa na polisi. Mkenya asiseme, basi, kwamba haya ni mambo ya ng'ambo ya pili. Serikali zenye kutofautiana kwa kila kitu ziliafikiana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba hotuba inavumilika, kitabu kinavumilika kiasi, ila wimbo ambao mkulima asiyejua kusoma anaweza kuuchukua kichwani akaenda nao shambani hauvumiliki.

Wasanii walioponea chupuchupu, na wasomi, na mawaziri, wengi wao walipita kwetu. Njia ya kutoka Kampala kwenda uhamishoni ilikuwa ni Malaba au Busia. Robert Serumaga, ambaye katika Renga Moi alikuwa ameufikisha mwili, ngoma na wimbo pahala ambapo mazungumzo yalikuwa karibu kuwa si ya lazima, aliiacha kalamu, akaingia katika siasa za silaha za wahamishwa waliokuwa Kenya. Machi 1979 waasi waliotokea upande wetu waliishambulia ngome ya Tororo, wakaishika kwa muda mfupi, kisha wakatimuliwa. Mwezi uliofuata Amin alikimbia, na Serumaga akawa waziri katika serikali fupi ya Yusuf Lule. Mwaka 1980 alifariki dunia Nairobi. Kwa hiyo mwamba ule wa Tororo, ambao msafiri wa treni huuona mapema kabla hajafika stesheni, umesimama juu ya historia ya tamthilia kuliko watu wa mji wenyewe wanavyojua.

Najua nitapingwa, na hoja za kupinga si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba Kawadwa alikuwa mtu wa Buganda aliyeandika mambo ya jumba la Buganda, na Wasamia, Wateso na Wapadhola hawana la kumshukuru mtu wa Buganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipoingia upande huu wa mashariki, Bukedi, mwishoni mwa karne ya 19 alikuja na bunduki na maakida wake, na kwa miaka mingi mzee wa Bukedi aliamrishwa, akahukumiwa na hata kusomewa Injili kwa Kiganda. Yaliyokuja kutokea Januari 1960, watu wa Bukedi walipoinuka dhidi ya kodi na machifu, hayakuzuka katika siku moja. Nakubali yote. Lakini kisa cha mtu anayelaghai jumba zima kwa ajili ya kiti, ni nani atakayekihukumu kwa haki zaidi kuliko watu waliotawaliwa kila mara kutoka katika majumba ya wengine, ambao mwaka 1902 waliamka wakakuta nusu yao imehamishwa kutoka Uganda kwenda himaya ya jirani, bila ya kuulizwa hata salamu?

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma. Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi. Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Na wako wazee ambao hadi leo wakisikia amri ya Kiswahili mlangoni usiku hukumbuka waliochukuliwa. Je, ni staha kumwimba Kawadwa kwa lugha waliyoizungumza aghalabu wale waliomkamata? Nimelifikiri jambo hili kwa muda, na jawabu langu ni kwamba lugha haipasi kuachiwa askari. Kiswahili kilifika pande hizi kwa misafara ya biashara iliyokuwa ikipumzika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, miongo kabla ya kuwapo kwa mpaka wala kambi. Na leo mama wa mtaa wa Sofia anayeuza samaki kwa mteja kutoka Matayos hapangi bei kwa lugha nyingine. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha lugha hii mwaka 2022, na shule zikaambiwa ziifundishe. Itafundishwa kwa sarufi peke yake, mpaka watoto waichukie? Mpeni mtoto wa Tororo nafasi ya Wankoko aiimbe, muone kama atakuwa na haja ya kutishwa kwa mtihani.

Ugumu wa kufasiri utakuwapo, tena utakuwa kinyume na ule wa Serukenya. Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo, nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yakilazimisha nguvu katika silabi ya mwisho neno huchechemea, kama wajuavyo waliowahi kuimba kanisani tenzi zilizowekwa juu ya sauti za Ulaya. Mfasiri sharti awe mtu wa mizani, aliyezoea shairi, na akae pamoja na mpiga ngoma.

Watu hao wapo. Ni walimu wetu wa shule za upili, ambao kila mwaka hutunga michezo na ngoma za ubunifu kwa ajili ya tamasha za drama, wakapanga madawati ukutani saa kumi alasiri, wakapiga dumu la mafuta pale ngoma ilipokosekana, na kuwafundisha watoto wimbo kwa kuuimba wenyewe mstari mmoja mmoja. Nimeonyeshwa daftari la mmoja wao: maneno yameandikwa vizuri kwa kalamu ya buluu, na pembeni, pahala pa sauti, imeandikwa tu kwamba uimbwe kama ule wa harusi ya kwa nani, na kurasa chache mbele kwamba uimbwe kama ule wa mwaka jana. Mwalimu huyo akihamishwa, nyimbo zinahama; akifa, zimekufa. Hakuna dikteta aliyehusika hapo. Ni kabati, na mchwa, na desturi yetu ya kudhani kwamba kikombe cha ushindi ndicho mwisho wa tamthilia.

Kwa hiyo ninachokitaka kwa Kaunti ya Busia, na kwa wilaya za Busia na Tororo upande wa pili, si sanamu wala barabara yenye jina. Nataka ukumbi mmoja, walimu kumi wa pande zote mbili, mpiga adeudeu wa Kiteso na mpiga tongoli wa Kipadhola wakae na wapiga ngoma wa Buganda, na chombo cha kunasia sauti kiwashwe tangu siku ya kwanza ya mazoezi, ili kila wimbo uhifadhiwe pamoja na maneno yake. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2018 na marais wawili, na malori sasa yanakaguliwa mara moja. Kwaya nayo ipewe pasi ya kuvuka Jumamosi bila ya kuulizwa ngoma hizo zinalipiwa ushuru gani. La kutangulia ni kuandika barua kwa warithi wa Kawadwa na wa Serukenya kuwaomba idhini, na kuwatengea fungu lao la viingilio kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.