Maendeleo Yasiyomwuliza Asiyeona



Kijarida hiki kimezoea kuzungumzia ardhi, mishahara na hali ya mahabusu. Safari hii tunaomba uvumilivu wako tuzungumzie michezo. Tena michezo ya kompyuta na simu, inayochezwa na watu wasioona. Usiharakishe kufungua ukurasa unaofuata. Mara nyingi ni katika jambo linaloonekana dogo ndipo tunapotambua ni nani huhesabiwa na ni nani husahauliwa pale maamuzi yanapofanyika.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kwaya yetu yumo kijana asiyeona, mpiga kinanda hodari. Jioni moja baada ya mazoezi aliniomba nimsomee ujumbe uliokuwa umeng'ang'ania kwenye simu yake. Ujumbe ulimtaka akubali toleo jipya la mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayozibeba programu nyingine zote. Nilimwambia kwamba ni jambo jema, nikabonyeza kukubali kwa niaba yake. Kesho yake mchezo alioucheza kwa miaka miwili, ambao kila kona yake aliijua kwa masikio, haukufunguka tena. Tulijaribu kulirudisha toleo la zamani, ikashindikana. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Padri, ungeniuliza kwanza."

Huenda wengine wenu mnajiuliza kipofu huchezaje michezo ya namna hiyo. Huicheza kwa sauti. Huvaa hedifoni, akasikia nyayo za adui upande wa kushoto, maji yakitiririka kulia, mlango ukifunguka nyuma yake. Mwaka 2015 kampuni ya DOWiNO ya Ufaransa ilitoa mchezo uitwao A Blind Legend, ambao shujaa wake ni askari kipofu anayeongozwa na sauti ya binti yake. Hauna picha za kutazamwa. Miaka mingi kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, GMA Games ilikuwa imekwisha kutoa Shades of Doom, mchezo wa vita wa kusikilizwa tu. Ipo pia michezo ya maandishi, ambayo programu ya kusoma skrini humtamkia mchezaji. Watengenezaji wengi wa michezo hii hawana makampuni makubwa nyuma yao. Ni watu mmoja mmoja, na baadhi yao wenyewe hawaoni.

Hapa ndipo penye kidonda. Mfumo ule wa zamani wa DOS ulionyesha maandishi matupu, na programu ya kusoma skrini iliyasoma pasipo taabu. Windows ilipoenea, hasa toleo la mwaka 1995, maandishi na vitufe vilichorwa kama picha, na waliokuwa wamekwisha kujifunza kazi na michezo katika DOS wakajikuta mbele ya ukuta. Zana ya Microsoft ya kuziwezesha programu kumweleza asiyeona kile zilichochora ilikuja mwaka 1997, yaani baada ya nyumba kuhamiwa ndipo ngazi ikaletwa.

Watu wale hawakukata tamaa. Walijifunza upya, na wengi wakaandika michezo yao kwa Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1998. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007 haikubeba tena kipande cha programu kilichoiunganisha lugha hiyo na DirectX 8, zana ambayo michezo mingi iliitegemea kwa sauti zake. Mchezo ukawa haufunguki mpaka mtu alitafute faili lile, aliweke na kulisajili kwa mkono wake. Kwa fundi hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa mzee asiyeona aliye peke yake nyumbani, ndio mwisho wa mchezo.

Mtu anayeona anapopoteza mchezo wa zamani hupata mwokozi. Tangu mwaka 2002 ipo programu iitwayo DOSBox, inayoiga kompyuta ya kale ndani ya kompyuta mpya. Lakini DOSBox huchora skrini yake kama picha, na kwa kawaida msomaji wa skrini hasikii humo neno hata moja. Dawa ileile inayomponya mmoja haimfikii mwenzake!

Kwenye simu mambo ni makali zaidi. Mwaka 2017 toleo la 11 la mfumo wa iPhone lilikataa programu zote za biti 32. Mwenye kampuni kubwa aliiandika upya programu yake; ambaye alikuwa amekwisha kuacha kazi hiyo, au amefariki, mchezo wake ulikufa siku hiyo. Nayo Apple, muda mfupi baada ya kutoa toleo jipya, huacha kuidhinisha lile la zamani, hivyo aliyevuka hawezi kurudi.

Tusiwe wadhalimu kwa upande wetu. Toleo la zamani huachwa na matundu ambayo wezi hupitia, na kuyaziba ni wajibu. Tena sauti yenyewe inayomsomea asiyeona kwenye iPhone, VoiceOver, iliingia humo mwaka 2009 kwa njia hiyohiyo ya mambo mapya. Sipingi mabadiliko. Nauliza ni nani aliyeketi mezani yalipopangwa, na ni nani anayelipa gharama yake. Kikundi kidogo hulipa kila mara, kwa kuwa uchache wake hauitikisi faida ya mtu.

Nao wanaosema kwamba ni michezo tu, na kwamba kipofu ana shida kubwa zaidi, wasome Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinadai teknolojia ya habari na mawasiliano ifikiwe na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 30 kinataja burudani, mapumziko na michezo. Binadamu hapewi mkate na dawa pekee kisha akaambiwa atulie. Nimewaona watu wazima wenye macho mazima wakisahau chakula kwa ajili ya mpira wa televisheni, wala hakuna aliyewaambia kwamba wana shida kubwa zaidi.

Yatupasa kudai kwamba kila toleo lijaribiwe na wasioona kabla halijatolewa, si baada ya malalamiko. Kwamba njia ya kurudi nyuma iachwe wazi kwa muda wa kutosha. Na kwamba mtengenezaji anayeacha mchezo wake auachie msimbo wake, ili wengine waweze kuutengeneza.

Lakini lipo pia lililo mikononi mwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na katika ofisi na shule zetu kompyuta nyingi zinabadilishwa. Viongozi wa jumuiya, palipo na mtu asiyeona anayeitumia mashine hiyo, keti naye kwanza. Mwulize anatumia programu zipi, na zijaribuni pamoja kwenye mashine mpya kabla ya kuifuta ile ya zamani. Ikiwa mchezo wake hautafunguka, msiitupe kompyuta ile. Iondoeni kwenye intaneti, mwekeeni pembeni pamoja na hedifoni zake.