Panya Katika Kioo

Kuna hukumu moja itolewayo mara nyingi katika madarasa ya fasihi, na kwa kuwa hutolewa mara nyingi imekwisha kuonekana kama sheria. Hukumu hiyo husema kwamba hadithi ikitolewa kitabuni na kutiwa katika sinema, kazi ya mhakiki ni kuhesabu kilichopotea njiani. Mhakiki huketi na kitabu mkono wa kuume na picha mkono wa kushoto, kama karani wa forodha mwenye hati ya shehena, kisha huulizia mzigo mmoja mmoja: hiki kimefika, kile hakikufika, hiki hakikuandikwa katika hati nacho kimo. Mwisho hujumlisha hasara na kupiga muhuri. Kazi hiyo yataka bidii na macho, wala hapana ubishi juu ya hilo. Ubishi uko juu ya jina lake, maana kuiita uhakiki ni kuivisha joho lisilokuwa lake.

Miongoni mwa picha zilizoteswa kwa hesabu hii imo moja ndogo sana, ya dakika tisa hivi, iitwayo Thru the Mirror. Ni katuni ya rangi iliyotolewa na Walt Disney mwezi wa Mei mwaka 1936 chini ya uongozi wa David Hand. Mickey Mouse, yule panya aliyekwisha kuwa mashuhuri tangu 1928, amelala kitandani na kitabu cha Alice kimefunguka mbele yake. Nafsi yake ya ndotoni yatoka mwilini, yapanda juu ya meko, na kupenya katika kioo kilichotundikwa ukutani. Ng'ambo ya kioo ni chumba kile kile, ila kila kitu ndani yake kina uhai na hiari.

Mashtaka juu ya picha hii yajulikana. La kwanza ni kwamba kitabu ambacho jina la picha lakielekea, Through the Looking-Glass, kimejengwa juu ya mchezo wa sataranji, na Alice husafiri ndani yake kama askari mdogo wa ubao hata akafika kuwa malkia. Lakini katika picha hapana sataranji. Mahali pake pamewekwa karata, ambazo ni za kitabu kingine, kile cha 1865 cha safari ya Nchi ya Ajabu. La pili, mashairi yote yametupwa. La tatu, mahali pa mazungumzo pametiwa ngoma, kitara na mbio. La nne, Alice mwenyewe hayumo.

Shtaka la kwanza ndilo lipendwalo kuliko yote, maana humpa mshtaki nafasi ya kuonyesha kwamba amesoma vitabu vyote viwili. Lakini na aulizwe: Humpty Dumpty alikuwa wa nani kabla ya Lewis Carroll kumketisha juu ya ukuta wake mwishoni mwa mwaka 1871? Tweedledum na Tweedledee walikuwa wa nani? Simba na mnyama wa pembe moja wagombanao kwa ajili ya taji, walitoka wapi? Wote walikuwa wa nyimbo za watoto wa Uingereza, zilizoimbwa na walezi kabla yake. Katika kitabu cha kwanza alifanya makubwa zaidi: alichukua tungo za mafundisho za Isaac Watts na Robert Southey, ambazo watoto wa siku zile walilazimishwa kuzikariri kwa ajili ya tabia njema, akazigeuza kuwa porojo juu ya mamba na mzee asimamaye kichwa chini miguu juu. Huyo ndiye Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Christ Church, Oxford, mtu wa adabu na haya, ambaye kitabu chake leo hulindwa kama amana isiyoguswa. Ikiwa uaminifu ni kuacha kitu kama kilivyokutwa, mwizi wa kwanza katika kesi hii ni yeye, na Disney ni mnunuzi wa mali ya wizi. Mshtaki hawezi kumhukumu mmoja na kumwacha mwingine.

Yafaa basi kuacha hesabu na kuuliza jambo jingine: kitabu kile kina nini hata kikadumu? Hakina kisa cha kusimuliwa kwa utaratibu, wala hakina mafunzo. Kina sheria moja, nayo ni kupindua. Ng'ambo ya kioo mtu hukimbia mbio kwa nguvu zake zote ili abaki pale pale alipo. Malkia Mweupe hulia kwanza, kisha ndipo kidole kichomwe. Keki hugawanywa kwanza, halafu ikakatwa. Na kupindua huko, mara nyingi, hufanywa kwa lugha. Mfalme Mweupe amwuliza Alice kama awaona wajumbe njiani. Alice ajibu kwamba hapana mtu amwonaye. Naye Mfalme amwonea wivu kwa macho makali kiasi cha kumwona Hapana-mtu, tena kwa umbali ule.

Mzaha huu wafaa kutazamwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili, maana ndani yake umo ugumu wote. Kiingereza kina neno ambalo hukanusha kuwako kwa mtu na papo hapo husimama katika sentensi kana kwamba lenyewe ni mtu. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Kiswahili hutia ukanushi katika kitenzi: simwoni mtu. Hapo hapana nafsi ya tatu iliyosimama njiani ingojayo kuonwa na mfalme. Mtafsiri aweza kumwumba Bwana Hapana kwa nguvu, akaongeza tanbihi chini ya ukurasa. Lakini mzaha uelezwao kwa tanbihi umekwisha kufa, na tanbihi ndiyo sanda yake.

Mchoraji wa katuni alikutana na ukuta huo huo, tena mrefu zaidi. Mtafsiri amenyimwa maneno ya lugha moja. Mchoraji, karibu lugha zote. Hawezi kuchora Hapana-mtu. Panya wake hunena maneno machache mno katika dakika zile tisa. Alifanyaje? Aliishika sheria ya kupindua akaiacha lugha. Katika chumba cha kawaida mtu hutumia vitu. Katika chumba cha kiooni vitu vina shauri lao, na mtu ndiye mgeni awaombaye radhi. Simu, chombo cha kunenea, yageuka kuwa mwenzi wa kuchezea kamba, na kamba yenyewe ni waya wake. Chombo cha kuvunjia jozi chafanya kazi ya mtumishi. Mickey ala kokwa moja, akafutuka hata kichwa kikajaa chumba, kisha akanywea hata akawa mdogo kama kidole. Kufutuka na kunywea huku ni kwa kitabu cha kwanza, kweli, ambako Alice hunywa chupani na kula uyoga. Lakini katika kitabu msomaji huambiwa kwamba Alice amekua. Katika picha kukua ni tendo litendekalo mbele ya macho, nalo lina uzito na kasi yake. Katika mapinduzi ya mwili, kalamu ya mchoraji haikuwa na deni kwa kalamu ya Oxford.

Na zile karata! Mshtaki auliza kwa nini karata badala ya sataranji. Jawabu li wazi kwa mtu yeyote aliyepata kuzishika zote mbili mkononi. Kete ya sataranji ni kizito kinachosimama. Karata ni bapa. Ikigeuzwa ubavu yatoweka ikawa mstari, ikirudishwa ina sura. Ikichanganywa na wenzake ni jeshi lisilo na kichwa, ikipangwa ni gwaride. Ni kiumbe aliyezaliwa kwa ajili ya picha iendayo. John Tenniel, mchoraji wa vitabu vyote viwili, alizichora karata kwa ustadi usio kifani, lakini aliweza kuzichora zikiwa zimesimama tu. Mickey avaapo kofia ndefu akacheza juu ya meza kwa mtindo wa Fred Astaire, aliyekuwa akitamba katika sinema za Marekani miaka ile, na karata zikajipanga na kujichanganya kwa kufuata hatua zake, hapo chumba cha kioo chapata hoja yake yenyewe: kila hatua ina hatua ya kuijibu. Halafu acheza na Malkia wa kopa, Mfalme aona wivu, vita vyazuka, panya ajihami kwa sindano. Sehemu hii ni ya kawaida zaidi, wala haihitaji wakili. Katuni za siku zile zilipenda kumalizikia katika mbio kama vile vikao vipendavyo kumalizikia katika chai.

Sasa ni kwa nini jambo hili liwahusu wasomi wa Kiswahili, ambao shughuli yao si panya wa Marekani? Ni kwa sababu karani yule yule wa forodha aketiye juu ya katuni huketi pia juu ya tafsiri. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, kazi ya Conan-Davies, ambamo picha zenyewe zilimfanya Elisi kuwa mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kati ya vitabu hivi viwili imepita miaka 75, na katika miaka hiyo lugha imepata kamusi, vyuo, magazeti na dola. Mwanafunzi apewaye vitabu hivyo aandike insha, aghalabu huandika nini? Huandika orodha. Neno fulani limeachwa, wimbo fulani umebadilishwa, mnyama fulani si yule. Hupewa alama nzuri kwa orodha hiyo, na hivyo hufundishwa kwamba mtafsiri bora ni yule aliyethubutu kidogo.

Madhara yake si ya darasani tu. Mtafsiri ajuaye kwamba atahesabiwa hujifunza kuandika kwa woga, na hadithi ya watoto iliyoandikwa kwa woga mtoto huiweka chini kabla ya ukurasa wa tano. Ilhali Kiswahili kina akiba yake ya kupindua, tena si haba. Karata yenye sura ya mtu, katika lugha ya wachezaji wa pwani, huitwa mzungu. Na mizungu ni maajabu na hila. Kiingereza hakina bahati hiyo: mahakama nzima ya karata, wafalme na malkia wake, imekwisha kuitwa kwa jina la maajabu kabla mtafsiri hajafungua kalamu. Ama kuhusu chumba cha kioo chenye vyombo vilivyo hai, lugha hii humpa meza mtoto, ambaye huvutwa na kusukumwa na kutiwa nguo, wala hakuna aliyepata kumwuliza kama aridhia. Mtafsiri akimwacha mtoto wa meza alie ukurasa mzima, Carroll hakuandika hivyo, na karani atapiga muhuri wa hasara. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Carroll kwa nyimbo za walezi wake, nayo ndiyo aliyoifanya David Hand kwa karata.

Haya yote hayamwokoi Disney na lawama. Wapo watetezi wa katuni, hasa wale waliochoshwa na vitabu, wasemao kwamba picha ile imeshika roho ya Carroll na kuacha maganda. Hao nao wamekosea, na kosa lao laonekana katika lile shtaka la nne ambalo washtaki wenyewe walilipitia upesi. Alice hayumo. Katika orodha hilo ni pengo moja kati ya mapengo. Lakini Alice ni nani? Ni mtoto wa miaka saba na nusu aulizaye. Huwauliza wafalme, huwabishia mayai, hataki jibu la mzaha pale alipouliza swali la kweli. Kampuni ile ile ya Disney ilianza na mtoto wa kike: katika Alice's Wonderland ya mwaka 1923 Virginia Davis, binti wa kweli, aliingizwa kati ya wanyama wa kuchorwa. Mwaka 1934 Max na Dave Fleischer walimpitisha Betty Boop katika kioo, katika Betty in Blunderland, japo huyo alikuwa mwanamke wa kurembua macho zaidi ya mtoto wa kuuliza. Kufika 1936 mwanamke pekee aliyesalia chumbani ni malkia wa kuchezwa naye na kugombaniwa. Panya hacheki mantiki ya mtu, wala haulizi neno.

Na hapo ndipo penye hasara ya kweli. Katika kitabu, Tweedledee amwambia Alice kwamba yeye ni kitu tu katika ndoto ya Mfalme Mwekundu alalaye chini ya mti, na Tweedledum aongeza kwamba Mfalme akiamka, Alice atazimika kama mshumaa. Alice alia kwa hofu. Akisha kuamka bado hajui ndoto ilikuwa ya nani, naye amwuliza paka wake mdogo, na mwandishi amgeukia msomaji amwulize yeye. Mchoraji wa 1936 alikuwa na kila kitu cha kuulizia swali hilo bila kutumia neno hata moja: alikuwa na mwili ulalao upande huu na nafsi icheze upande ule, wawili katika picha moja. Angeweza kuwaacha watazamane. Badala yake saa ya kuamshia yalia, Mickey aichukua, aitupa katika mtoto wa meza, alala. Karani na amshtaki kwa saa ile, akipenda. Kwa karata na amwache.