Utabiri wa Ini la Nani?

Juma lililopita nilialikwa kwenye jopo la kusikiliza pendekezo la mwanafunzi wa uzamivu, nikiwa mtu pekee mezani asiye tabibu. Alikusudia kuifundisha kompyuta isome picha za MRI za wagonjwa wa saratani ya ini waliotibiwa kwa joto, ili itabiri nani atarudiwa na uvimbe.

Tiba yenyewe inavutia. Sindano ndefu hupenyezwa hadi kwenye uvimbe, kwa kawaida usiozidi sentimita 3, na ncha yake huuchoma kwa mawimbi ya redio au maikrowevu. Tumbo halipasuliwi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudiwa na saratani ndani ya miaka 5. Katika miaka 2 ya mwanzo, mara nyingi chanzo ni seli zilizokwisha kujipenyeza katika mishipa midogo ya damu kabla ya sindano kuingia. Hizo picha huweza kuzidokeza: ukingo wa uvimbe usio laini, au kivuli kinachouzunguka. Baada ya hapo, aghalabu huwa ni uvimbe mpya kabisa, uliozaliwa na ini lile lile lenye makovu na virusi. Kuhusu huo wa pili, picha ya uvimbe wa kwanza haina mengi ya kusema.

Nikamwuliza picha zake zinatoka wapi. Akajibu bila kuficha: Asia ya Mashariki. Simlaumu, angezipata wapi kwetu?

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini kutoka nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Nchini Misri, asilimia 76 walipata tiba mahsusi ya saratani hiyo. Katika nchi 8 zilizosalia, kwa pamoja, asilimia 3. Umri wa kati wa wagonjwa wa Misri ulikuwa miaka 58, wa kwetu 46, nami mwaka huu natimiza 46. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi miezi 10.9 au zaidi; kwetu, miezi 2.5.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa hao wa kwetu, ingawa hakuhesabiwa katika utafiti wowote. Alipigwa ultrasaundi yake ya kwanza siku ile ile alipoambiwa kwamba hakuna la kufanya. Hakujua kuwa amebeba virusi vya homa ya ini B tangu utotoni, wala hakuna aliyewahi kumpima.

Ndugu zangu mnaoandaa bajeti wizarani mnajua kwamba mashine ya MRI huzinduliwa kwa utepe. Ultrasaundi ya kila miezi 6 kwa mwenye ini bovu haina utepe, wala kidonge cha tenofovir, ambacho mwenye homa ya ini B pekee mara nyingi hujinunulia ilhali mwenye VVU hukipata bure.

Nililipitisha pendekezo, kwa sharti moja: aongeze sura inayokokotoa gharama ya kuwapima na kuwafuatilia wenye homa ya ini B katika mkoa mmoja tu. Mwanafunzi alikubali. Katibu wa jopo aliliandika sharti hilo chini ya "mengineyo."