Bethidei ya Mtoto, Sarakasi ya Mama!

Wadau, mjini kuna bethidei inapikwa na moshi wake umeshaanza kuwasha macho. Staa mmoja wa filamu, jina kapuni, mwanaye wa kiume anatimiza miaka mitatu mwisho wa mwezi huu. Mwaka huu eti mada ni sarakasi: hema la milia nyekundu na nyeupe, klauni wawili, tumbili wa kukodi na vijana sita wa kupiga samasoti. Keki ghorofa tatu. Mapambo peke yake milioni nne. Kamati ipo, grupu la WhatsApp lipo, mchango wa chini laki mbili, na asiyechanga anatolewa kimyakimya.

Hayo ya michango ni yao, wachangiane mpaka wachoke. Shida iko kwingine.

Wale vijana wa sarakasi wanajifua mchangani kila jioni, jua likiwaka, mvua ikinyesha. Waliomba laki sita kwa watu sita, onesho la nusu saa. Yaani laki moja kwa kichwa. Jibu la kamati? "Mtapata jina, tutawaposti." Mpambaji kashapewa kianzio. Mpiga picha kashapewa kianzio. MC ndo usiseme. Ila anayesimama juu ya mabega ya wenzake, kichwa chini miguu juu, yeye alipwe picha! Akidondoka akavunjika mkono, hospitali gani inapokea posti dirishani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku hizi mcheza kwao anapostiwa.

Timu staa watakuja juu: "Pesa yake, mtoto wake, acheni roho mbaya." Sawa, pesa ni yake, na kinacholalamikiwa ni kwamba haitoi! Wengine watasema anawafungulia njia, maana ana wafuasi kibao. Njia ya wapi? Anayejulikana kwa kucheza bure, simu inayofuata ni ya kuitwa acheze bure tena. Kujulikana hakulipi kodi ya chumba.

Halafu huyo tumbili. Tumbili ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga tu nyumbani bila kibali. Anang'ata, na muziki ukipigwa kwa sauti ile, mnyororo shingoni, watoto thelathini wanapiga kelele, atang'ata. Kama ni kuiga ya wazungu, basi waigwe mpaka mwisho. Ringling Bros. and Barnum & Bailey, sarakasi kubwa ya Marekani, iliwastaafisha tembo wake mwaka 2016, ikafunga hema mwaka uliofuata, na iliporudi 2023 haikurudi na mnyama hata mmoja. Huku ndo kwanza watu wanakodi tumbili.

Na mwenye bethidei je? Video ya mwaka jana si kila mtu aliiona? Lile lidoli likubwa la kuvaa liliingia ukumbini, mtoto akakimbilia nyuma ya dada wa kazi, analia mpaka sauti inakatika. Akarudishwa mbele mara tatu hadi picha ikatoka. Watu wakaweka vicheko. Mtoto wa umri ule haoni mzaha kwenye uso uliopakwa rangi, anaona mtu asiyemjua amekosa sura. Sasa mwaka huu kaandaliwa wawili!

Wiki mbili bado zipo na dawa ya haya yote ni rahisi. Ghorofa moja ya keki iondoke, vijana walipwe laki sita yao, nusu kabla, na magodoro yatandikwe chini. Klauni abaki mmoja, aje na uso wake wa kawaida, ajipake rangi mbele ya watoto huku wakimshika pua, waone ni mtu. Shughuli ianze saa nne asubuhi iishe saa sita, kabla usingizi haujawazidi. Tumbili abaki alikotoka. Simu zitoke baada ya mtoto kucheka, si kabla. Hapo hata kiki itakuja yenyewe, tena bila matusi.

Kuna jambo moja la mwisho. Kwenye video ile ile, aliyemfuta mtoto machozi na kamasi, akambeba mgongoni mpaka akanyamaza, ni yule dada wa kazi. Orodha ya wageni ya mwaka huu ina majina themanini, wakiwemo watu ambao mtoto hajawahi kuwaona. Jina la dada halimo. Atakuwa jikoni anaosha sahani.

Sasa wadau, hii bethidei ni ya nani? Tiririka hapo chini.